Naombeni ushauri: watoto 17 wa utafiti wangu hawakuonekana katika duru ya pili

Mtafiti Njiapanda
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninasomea shahada ya uzamili katika saikolojia ya ukuaji, na tasnifu yangu inahusu uwezo wa watoto wa miaka minne kujizuia. Februari niliwapima watoto 48 wa shule moja ya awali kwa asubuhi mbili, mmoja mmoja: mtoto huwekewa kashata moja mezani na kuambiwa kwamba akivumilia dakika 15 bila kuila ataongezewa ya pili, kisha mpimaji hutoka na kumchungulia mlangoni. Mmoja alikalia mikono yake yote miwili, akawa anainusa kashata kwa mbali kama paka. Agosti nilirudi kuwapima tena, lakini 17 hawakuwepo. Wengine wamehama, wengine ada imewashinda wazazi wao. Msimamizi anataka sura ya nne Ijumaa. Je, utafiti wangu bado ni wa kuwafuatilia watoto, au niugeuze uwe wa kipimo kimoja?

Mzee wa Mtoni
Pole, mwanangu. Kifungua mimba wangu nilimwekea daftari: siku ya jino la kwanza, siku aliyosema “taa”, siku aliyotambaa hadi jikoni. Daftari la mdogo wake liliishia ukurasa wa tatu. Baadaye nilisoma kwamba Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza jinsi akili ya mtoto inavyokua, alijenga sehemu kubwa ya nadharia yake kwa kuwatazama wanawe watatu, nikasikitika, kwa sababu mimi sikuambulia hata nadharia moja.

Chumvi Kidogo
Kabla hatujafika kwenye sura ya nne, naomba tuelezwe kashata za waliovumilia zilitoka kwa fundi gani, kwa maana za mtaani kwetu hata mtu mzima hamalizi dakika mbili.

Mama Wawili
Mimi sicheki. Mtoto aliyetoka nyumbani bila chai ukimwekea kitu kitamu mbele ya macho, unapima njaa, hupimi subira. Kipimo hiki alikianzisha mwanasaikolojia Mischel huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na watafiti walipokipeleka kwa watoto wa jamii ya Wanso, Kameruni, wakitumia kitafunwa cha huko kinachofanana na andazi, watoto hao walivumilia kuliko wenzao wa Ujerumani. Malezi ya nyumbani yamo ndani ya kipimo, na wewe hukutuambia umeyaangalia vipi.

Kalamu Nyekundu
Dada, turudi kwenye swali lako. Umesema 17 hawakuonekana, lakini hukusema jedwali lako la Agosti lina watoto wangapi.

Mtafiti Njiapanda
Lina watoto 48. Nafasi za wale 17 niliwaweka watoto wa shule ya jirani, kwa namba zile zile. Naomba nisihukumiwe haraka: umri ni ule ule, mtaa ni ule ule, kashata ni za mama yule yule, na nilichagua msichana kwa msichana na mvulana kwa mvulana. Wastani haukubadilika sana.

Kalamu Nyekundu
Basi hilo ndilo swali lenyewe. Anayewafuatilia watoto wale wale hupima badiliko ndani ya kila mtoto, ilhali anayelinganisha watoto tofauti hupima tofauti kati yao. Tuseme namba 23 ya Februari ni Juma na ya Agosti ni Hamisi. Ukitoa alama za mmoja kwenye za mwingine umepima nini? Kupoteza watoto si aibu, ingawa wapo wanaojitahidi mno: kule Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 walifuatiliwa hadi utu uzima, na walipofikisha miaka 38 zaidi ya asilimia 90 ya waliokuwa hai walipimwa tena. Aibu ni kuficha pengo.

Hesabu Kwanza
Ninyi mnamshauri mtu ambaye huenda hakupima hata mtoto mmoja. Watoto 48 kwa dakika 15 ni dakika 720, yaani saa 12. Shule ya awali hufungua saa mbili na kufunga saa sita; asubuhi mbili ni saa nane. Uzi huu umetungwa.

Mtafiti Njiapanda
Haujatungwa. Wengine waliila kashata kabla mlango haujafungwa, na tulitumia vyumba viwili. Cha pili alisimamia mdogo wangu. Agosti nilikuwa peke yangu.

Hesabu Kwanza
Nakuomba radhi kwa hesabu. Kwa hilo la mdogo wako, sikuombi.

Kalamu Nyekundu
Sasa tunaelewana. Warudishie wale 17 waliopotea namba zao, wale wa shule ya jirani wape namba mpya, na duru ya pili ibaki na watoto 31. Linganisha alama za Februari za waliobaki na za waliopotea, ili msomaji aone kama walioondoka walikuwa na subira ndogo au kubwa tangu mwanzo, na uandike wazi nani alimpima nani. Wale wa jirani usiwatupe: wao mchezo walikuwa wanauona kwa mara ya kwanza, kwa hiyo wanaweza kukudokezea, japo kwa tahadhari kwa kuwa ni shule nyingine, ni kiasi gani cha subira ya Agosti kilitokana na kuuzoea mchezo na si kukua. Hayo yote yanawezekana iwapo kibali chako cha maadili kinaitaja shule hiyo na wazazi walitoa ridhaa. Je, walisaini?

Mtafiti Njiapanda
Mwalimu mkuu alikubali kwa mdomo. Naomba kuuliza: fomu za wazazi zikisainiwa wiki hii, ni lazima ziandikwe tarehe?