Meno ya utafiti: ya ng'ombe wa machinjioni au yetu sisi?

Mwanzisha mada
Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, naliweka mezani. Wanafunzi na watafiti wa meno wanahitaji meno halisi ya kujaribia gundi, dawa za kuzibia na dawa za mswaki. Wapo wanaosema yale yanayong'olewa hospitalini yachukuliwe tu, maana mwenyewe keshayaacha. Wengine wanasema kila kichwa cha ng'ombe kina meno manane ya mbele, ya nini kuwasumbua wagonjwa?

Mimi nasema ya ng'ombe yatangulie. Ya mtu yatumike pale tu ambapo jibu haliwezi kupatikana bila hayo, tena aombwe kabla ya kudungwa sindano ya ganzi.

Meno ya mbele ya ng'ombe yako taya la chini peke yake. Juu ana ufizi mgumu tu. Ni makubwa na bapa, jino moja unalikata vipande kadhaa, na kwa kawaida halijatoboka. Mwongozo wa kimataifa wa kupima gundi za meno, ISO 11405, unayaruhusu, na watafiti wa Brazil wameyatumia miaka mingi. Shida ni kwamba enameli yake, lile ganda gumu la nje la jino, ina vitundu vidogovidogo vingi kuliko yetu, kwa hiyo tindikali huila upesi zaidi. Tuseme mtu anataka kujua ulanzi, pombe ya mianzi, unamomonyoa meno kiasi gani. Akilinganisha ulanzi na soda kwenye jino la ng'ombe, atajua kipi kikali zaidi. Lakini akitoka hapo akawatangazia watu wa Iringa kwamba meno yao yataisha kwa kasi ileile, amewatisha bure.

Mnyalukolo
Kamwene mkuu. Umejijibu mwenyewe. Kama jino la ng'ombe linadanganya kwenye ulanzi, litaaminikaje kwenye dawa ya kuzibia nitakayowekewa mimi? Dawa ya mtu ipimwe kwa jino la mtu.

Msaidizi wa kliniki ya meno
Ndugu Mnyalukolo, hayo meno ya watu unayoyataka utayatoa wapi? Huku kwetu mtu anakuja jino limeshaoza, limebaki mizizi. Mazima tunayoyapata ni magego ya mwisho yaliyokosa nafasi, na yale yanayong'olewa ili mtu afungwe waya wa kunyoosha meno. Wangapi Mbeya wana hela ya waya?

Halafu meno ya watu hayafanani. Aliyekulia Arusha au Kilimanjaro kwenye maji yenye floridi nyingi ana enameli tofauti na aliyekulia Tukuyu. Umri nao unabadilisha. Ukiyachanganya, hujui tena ulichopima ni gundi au ni maji ya kwao.

Na jino la mtu lina damu, linahesabiwa kama kitu chenye maambukizi. Linachemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121, isipokuwa lililozibwa kwa amalgamu, ile dawa ya kuzibia yenye zebaki. Hilo ukilipika linatoa mvuke wa zebaki chumbani. Nimeona vijana wakitaka kuyatia yote kwenye mashine kwa pamoja.

Mama Uyole
Wanangu, mnaongea kama vile mkoa huu hauna historia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulilala na hofu ya wachuna ngozi, waliosemwa kuua watu na kuuza ngozi zao. Leo umwambie bibi wa kijijini kwamba jino lake linatiwa kwenye chupa na kupelekwa mahali, atakuuliza linakwenda kwa nani, na ana haki. Hiyo fomu yenu ya ridhaa, mtu aliyeshika shavu kwa maumivu anaisaini bila kuisoma.

Mwanzisha mada
Shikamoo mama. Hapo umenigusa, na ndiyo maana sikubali la "keshayaacha". Aombwe siku ya kupangiwa, siyo akiwa kwenye kiti. Aambiwe linakwenda maabara gani na kwa kazi gani, jina lisiandikwe kwenye chupa, na akikataa ang'olewe kwa huduma ileile. Vibali vya maadili vipo, NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wanavitoa. Mtafiti asiye nacho asipewe hata jino la mtoto.

Mnyalukolo
Sawa, kwa ridhaa hiyo nakubali. Lakini majaribio ya mwisho kabla dawa haijatangazwa kwetu, jino la mtu liwepo. Hapo sirudi nyuma.

Kijana wa machinjio
Naona mmeshatugawia ng'ombe bila kutuuliza. Kichwa kinauzwa kizima, mwenye supu kakilipia na taya lake. Mkitaka meno, ongeeni naye bei.

Jingine: wanaokuja huwa wanataka "meno ya ng'ombe" tu, hawataji umri. Jozi ya kwanza ya meno ya kudumu hutoka kwenye miaka miwili, ya nne hukamilika karibu na minne. Huo mwongozo wenu nasikia unataka asiyezidi mitano. Wengi wanaoletwa hapa ni majike yaliyochoka kuzaa, meno yamesagika hadi karibu na ufizi. Mkiyapima hayo mtaandika nini?