Mada: Kijana wa kidato cha sita apelekwe nje kusomea udaktari, au asubiri nafasi hapa nyumbani?

Mleta mada (daktari, hospitali ya wilaya, kusini mwa Tanzania)

Wakuu, matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu yangu haitulii. Wajomba, mama wadogo, majirani wa zamani, wote wana swali moja: kijana kafaulu PCB (fizikia, kemia na baiolojia), kakosa nafasi ya MD, yaani shahada ya udaktari, Muhimbili, KCMC na Bugando, na sasa wakala anasema Uchina wanampokea. Tuuze kiwanja?

Naweka msimamo wangu mezani ili tubishane vizuri. Shahada ya kwanza ya udaktari isomwe hapa, hata kwa kusubiri mwaka, hata kwa kuanzia diploma ya utabibu na kupanda. Nje twende kuchukua ubingwa.

Sizungumzii uzalendo wala majengo. Nazungumzia mgonjwa. Anatomia na baiokemia za miaka ya mwanzo mtu anaweza kuzisoma popote. Baadaye unaingia wodini, na huko mwalimu wako mkubwa ni mtu aliyelala kitandani. Lazima akueleze tumbo lilianza kumuuma lini, linachoma au linakata, linahamia wapi. Ukimsikiliza vizuri, mara nyingi ugonjwa umeshaukaribia kabla hujamgusa. Sasa, vijana wetu wengi Uchina wanafundishwa kwa Kiingereza, lakini bibi aliyelazwa anasema Kichina, tena pengine cha kwao mkoani. Kijana anasimama nyuma. Profesa anaongea na mgonjwa, anatafsiri sentensi mbili, wanasogea kitanda kinachofuata.

Nasimamia watarajali, yaani madaktari waliotoka chuo wanaojifunza kazini, mwaka wa saba sasa. Namkumbuka mmoja, simtaji yeye wala chuo chake. Kichwani alikuwa moto, angekueleza safari nzima ya sukari mwilini bila kufungua kitabu. Zamu yake ya kwanza ya usiku wodi ya wazazi, akaletewa mama mwenye kifafa cha mimba. Magnesiamu salfeti ilikuwa pale pale kwenye trei ya dharura. Alikuwa hajawahi kumwona mjamzito akikakamaa, wala kuichoma dawa hiyo kwa mkono wake. Mkunga wa zamu ndiye aliyemwokoa yule mama. Asubuhi nilimkuta kijana amekaa kwenye ngazi za nje, analia. Sikumkasirikia. Nilikasirishwa na mpango mzima uliomweka miaka mbali na wagonjwa aliokuwa anaandaliwa kuwatibu.

Hapo sijagusa karatasi. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, lazima waitambue shahada, na Baraza la Madaktari Tanganyika lina mtihani wa kuupita kabla ya utarajali. Familia nyingi zinayasikia haya kijana akiwa ameshatua uwanja wa ndege na begi lake.

Mama mzazi, Mwanza

Mwanangu daktari, nimekusoma mara mbili, na nimeumia. "Asubiri" ni neno jepesi kulitamka. Binti yangu alisubiri mwaka, akaomba tena, akakosa tena. Unasema aanzie utabibu: hiyo ni miaka mitatu, kisha atafute kazi, kisha aombe upya. Ataingia MD lini? Tukauza ng'ombe, ukoo ukachanga, na sasa yuko mwaka wa nne huko huko Uchina unakokusema. Nimwambie nini, kwamba alipoteza muda?

Na nikuulize jingine. Daktari aliyenipasua nikimzaa huyo binti alisomea Moscow. Mji mzima ulimwamini. Mbona wao walisoma nje na wakatutibu?

Mleta mada

Shikamoo mama. Nisamehe kwa kukuumiza, binti yako hakupoteza muda.

La Moscow umeniweka pagumu, na nimelifikiria tangu jana. Chuo cha Urafiki cha huko kilifunguliwa 1960, wakati sisi tulikuwa bado hatuna pa kusomea hapa nchini. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza 1963, na kabla ya hapo tegemeo letu lilikuwa Makerere, Uganda. Ila angalia walivyosomeshwa wale wazee. Kwanza walikaa mwaka mzima wakijifunza Kirusi, kisha darasa likaenda kwa Kirusi, na wodini wakamhoji bibi wa Kirusi kwa lugha yake. Aliyerudi hapa alikuwa ameshazungumza na mamia ya wagonjwa kwa mdomo wake. Wakala wa siku hizi anamwambia mzazi "masomo ni kwa Kiingereza" kama sifa ya chuo. Kwangu hiyo ndiyo kasoro ya kwanza.

Basi binti asikiache Kichina. Asome kile cha wodini: maumivu, homa, kuhara, hedhi. Na likizo asikae sebuleni.

Niliyesoma Uchina (daktari, Dodoma)

Mimi ndiye mnayemjadili, acheni nami niseme.

Januari 2020 nilikuja nyumbani likizo ya mwaka mpya wao. Machi mipaka ikafungwa. Viza za wanafunzi zilifunguliwa tena Agosti 2022. Hesabuni wenyewe. Miaka miwili na zaidi, na ndiyo miaka ya wodini, nilisomea upasuaji kwenye simu nikiwa Mbeya, tofauti ya saa tano, darasa linaanza usiku wa manane, bando likiisha somo limeisha. Mwaka huo huo wa 2022, rafiki zangu waliokuwa Ukraine walikaa wiki nzima kwenye mahandaki ya hosteli. Wa Sumy walitolewa Machi 8, wenzao wa Kharkiv walipanda treni kwa kugombania. Walioondoka na shahada mikononi ni wachache.

Kilichoniokoa ni sista mmoja wa hospitali ya misheni karibu na nyumbani. Alinikubalia niingie wodini kila siku bila malipo. Nilishika mgonjwa wa malaria kali, mtoto wa selimundu aliyekuja na maumivu ya mifupa, wa nimonia. Mtihani wa Baraza niliupita kwa sababu ya wodi ile.

Lakini daktari, kuna jambo umelipita haraka. Wenzangu waliosoma hapa wananiambia wakati mwingine wanafunzi ishirini wanazunguka kitanda kimoja, na wa nyuma anaona migongo ya wenzake. Huyo naye amesimama nyuma, ingawa mgonjwa anasema Kiswahili. Ukilaumu nje, laumu na hilo.

Daktari, Kisumu

Ndugu zetu, mnabishania mlango wa kuingilia. Sisi Kenya tunaumia kwenye wa kutokea. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na chanzo kikubwa kilikuwa wanagenzi, ndio ninyi mnawaita watarajali: waliomaliza chuo hawakupangiwa hospitali, kisha serikali ikataka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi ilhali mkataba wa 2017 unasema 206,000. Hao wengi wao walisomea hapa hapa nchini. Sasa wenzangu wanajiandaa kwa PLAB, mtihani wa Uingereza kwa madaktari waliosomea nje ya nchi hiyo, sehemu ya pili wanaifanyia Manchester. Mtu asome Nairobi, asome Guangzhou kule Uchina, kama hana pa kufanyia kazi ataondoka.

Mleta mada

Daktari wa Dodoma, nakubali. Nilikosea kuweka mpaka wa nchi pale palipotakiwa kuwekwa kitanda. Mzazi akiniuliza kesho, sitamwuliza chuo kiko wapi kwanza. Nitamwuliza mtoto atahoji wagonjwa kwa lugha gani, ataruhusiwa kuwagusa mwaka wa ngapi, na amewasiliana na TCU kabla ya kulipa senti moja au wakala ndiye amemsemea. Majibu yakiwa mabovu, kiwanja kisiuzwe, hata kama chuo ni cha hapa.

Kwenye ubingwa bado sijasogea. Wagonjwa wetu wa moyo tulikuwa tunawapeleka India. Leo wengi wanapasuliwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na wapo waliofundishwa upasuaji wa moyo wa watoto Israel, wakiwa tayari ni madaktari, wakarudi. Mtu wa aina hiyo anaondoka akijua anachokifuata, na anarudi akijua kitanda kinachomsubiri. Wa Kisumu, hapo ndipo ninapokuunga mkono: kitanda hicho lazima kiwepo. Nina watarajali wawili waliomaliza kwangu kwa sifa, mmoja anauza dawa dukani, mwingine yuko nyumbani kwao, na kituo cha afya cha kata ya jirani hakina daktari.

Mama mzazi, Mwanza

Nimempigia binti. Anasema likizo yake inaanza Julai. Hiyo hospitali ya misheni ya Mbeya bado wanapokea wanafunzi?

Niliyesoma Uchina (daktari, Dodoma)

Wanapokea, mama. Aje na barua ya chuo na koti lake. Kitanda cha kulala sista atamtafutia.