Wahusika wangu wanaongea kama wanasoma taarifa ya habari, nifanyeje?

Kalamu_Butu
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Naandika riwaya, niko sura ya nne, masimulizi naona yanaenda vizuri tu ila wahusika wakifungua midomo kila kitu kinaharibika. Nilimpa rafiki yangu asome akaniambia eti watu wako wote wanaongea kama wewe, tena wewe ukiwa unaandika barua ya kuomba kazi 😂 iliniuma ila nikirudi kusoma naona kweli. Kipande chenyewe hiki, ni ndugu wawili, Musa na dada yake Zawadi, kaka yao mkubwa anataka kuuza nyumba ya marehemu baba yao:

"Habari za leo, Zawadi?"
"Nzuri, kaka. Za kwako?"
"Nzuri pia. Kama unavyojua, baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita na kutuachia nyumba hii, ambayo kaka yetu mkubwa sasa anataka kuiuza."
"Ndiyo, najua. Jambo hilo linanisikitisha sana kwa sababu nimeishi hapa tangu utotoni."

Sasa msomaji si lazima ajue baba alikufa na nyumba inauzwa? Nisipoweka hapo niweke wapi? Msinionee huruma, semeni tu.

msomaji_wa_usiku
Haya, umeomba mwenyewe. Hao ndugu hawaongei wao kwa wao, wanaongea na mimi msomaji. Musa anamwambia Zawadi kitu ambacho Zawadi anakijua vizuri tu, baba ni wake pia, mazishini alikuwepo. Ukiona mhusika anaanza na "kama unavyojua" futa sentensi nzima hata usiisome mara mbili.

Mtu akifungua mdomo huwa kuna kitu anakitaka, hata kama ni kuachwa tu asiulizwe maswali. Kwa hiyo kabla hujaandika jiulize Musa kaja kutafuta nini na Zawadi hataki kumpa nini. Mimi nimechukulia kwamba Musa ameshakubaliana na kaka mkubwa na hajui aanzie wapi kumwambia dada yake, nimejaribu hivi:

"Amekupigia?"
"Nani?"
"Si kaka yako."
"Kwani ni kaka yangu peke yangu?"
Musa akaangalia juu, pale dari ilipovuja. "Haya mabati itabidi yabadilishwe kabla ya mvua."
"Ya nini, wakati mnauza?"

Angalia hapo Musa hajasema kitu kuhusu kuuza, anaongelea mabati, lakini Zawadi ameshamkamata. Na amemkamata kwa herufi tatu tu, ile "mna". Hajasema "anauza", amemtupa Musa upande wa kaka mkubwa na yeye kajitoa. Hata "kaka yako" ya Musa inafanya kazi hiyohiyo, wote wawili wanamkana huyo ndugu yao kwa viambishi na vimilikishi. Lugha yetu imekupa hizi silaha bure halafu wewe unaandika "jambo hilo linanisikitisha sana" 😅

Kuhusu baba, weka sentensi moja ya msimulizi, mfano koti la baba bado linaning'inia nyuma ya mlango mwaka wa tatu sasa. Salamu ziruke, au ukiona lazima ziwepo basi usemi wa taarifa upo kwa ajili hiyo, "walisalimiana" yatosha. Salamu iandike yote pale tu ambapo kuna kitu kinatokea ndani yake, kama mmoja amesalimia na mwingine hajaitikia.

Mzee_Mkato
Msomaji kamaliza ila naongeza la vitenzi. Wengi humu wakiandika mazungumzo utaona alifoka, alinguruma, alitamka kwa uchungu, alihoji kwa mshangao, yaani mwandishi hauamini mstari wake mwenyewe anaenda kuuelezea tena pembeni. Kama maneno yenyewe ni ya hasira msomaji ataisikia hasira. Yule mwandishi wa Marekani Elmore Leonard mwaka 2001 alichapisha kanuni zake kumi kwenye gazeti na mojawapo inasema usitumie kitenzi kingine chochote zaidi ya "alisema". Akasema, akajibu, basi, na ikiwezekana hata hizo toa kabisa uache mistari ipokezane.

nukta_na_koma
Mzee wangu shikamoo, hapo nakupinga kwa heshima zote. Kanuni hiyo imetoka kwenye Kiingereza, wenzetu wana neno moja la "yeye" wa kiume na lingine la kike, kwa hiyo mwanamume na mwanamke wakizungumza msomaji hapotei, kila "alisema" inambeba mwenyewe. Sisi "akasema" ni ya kila mtu, Musa akasema, Zawadi akasema, bibi akasema, hata sungura kwenye ngano akasema. Ukitoa majina halafu ukategemea "akasema" mstari wa sita mimi narudi juu kuhesabu kwa kidole nani ni nani, na wakiwa watu watatu ndo usiseme.

Kwa hiyo kwetu ni lazima mhusika atambulike kwa njia nyingine. Njia ya kwanza ni ile aliyotumia Msomaji, mpe mtu kitendo kabla hajasema, Musa akaangalia juu halafu mabati, hapo hakuna "akasema" na bado najua ni nani. Nyingine ni jinsi wanavyoitana, akisikika "dada" najua sasa anayeongea ni Musa, ila usiizidishe maana watu hawaitani kila sentensi. Kubwa kuliko zote ni mdomo wa kila mmoja uwe wake. Mimi kila mhusika nampa tabia moja ya kusema. Kuna mmoja kila ukimuuliza kitu anajibu kwa swali, kwani vipi, mbona unauliza, nani kakwambia. Mwingine hamalizi sentensi. Hivyo vineno vidogo, kwani, mbona, si, ati, hebu, basi, ndimo sauti ya mtu inamokaa, na ndivyo vya kwanza tunavyovifuta tukijifanya tunaandika Kiswahili sanifu.

Mzee_Mkato
Marahaba mwanangu. Hilo la "akasema" sikuwahi kulifikiria, nakubali. Alinguruma bado sitaki 😂

fundi_maneno
Lakini tahadhari, msije mkamfanya huyu ndugu aende arekodi watu halafu anukuu kila kitu. Niliwahi kufanya hivyo, niliweka simu mezani tukiwa tunapiga stori na washkaji, nikaja kuandika neno kwa neno, kurasa nne za eeh, yaani, unajua, sasa si ndo hivyo, hakuna mtu angesoma ule uchafu. Mazungumzo ya kwenye hadithi inabidi yafanane na ya kweli bila kuwa ya kweli, ukiweka "yaani" moja pazuri msomaji anazisikia nyingine tisa. Misimu ya vijana pia iwe kiasi, inazeeka haraka, miaka mitano tu mhusika wako kijana anaongea kama mjomba.

Kilichonisaidia mimi ni kugawa mistari. Mwite mtu mmoja akae na nafasi ya Zawadi wewe ukae na ya Musa msome kwa sauti, usimwelezee chochote. Anapojikwaa weka alama. Wa kwangu alijikwaa kwenye "kutokana na hali hiyo", akaniangalia akauliza, huyu si yuko kitandani anaumwa? Nikafuta palepale.

Na kuhusu kutokusema kitu chenyewe, Hemingway ana hadithi fupi ya mwaka 1927, mwanamume na mwanamke wanasubiri treni stesheni wanabishana kuhusu operesheni, mwanamume anasisitiza kweli ila ni operesheni gani haitajwi mwanzo mpaka mwisho, na kila anayeisoma anaelewa kuwa ni kutoa mimba.

Kalamu_Butu
Wakuu asanteni sana, hasa ile "mna" imenikalisha chini. Nimekaa usiku nikaendeleza pale Msomaji alipoishia:

"Nani kakwambia tunauza?"
"Wewe. Sasa hivi."
Musa akavuta kiti, hakukaa. "Zawadi, hebu nisikilize."
"Nakusikiliza."
Akalitazama lile koti nyuma ya mlango. "Hili nalo mbona hamjalitoa mpaka leo?"
"Litoe wewe."
Hakulitoa. Zawadi alijisikia huzuni kubwa moyoni mwake kwa sababu alimkumbuka baba.

Vipi hapo?

msomaji_wa_usiku
Eeh! Huyu sasa ni Musa. Ishia kwenye "Hakulitoa."

nukta_na_koma
Hata mimi nilikuwa nakuja kusema hilohilo. Halafu Musa kasema "hamjalitoa", na Zawadi anaishi humo peke yake au? Kama ni peke yake mwache Musa aseme "hujalitoa", atamuuma zaidi.

Kalamu_Butu
Yuko peke yake. Nabadilisha sasa hivi.