Naomba ushauri: watoto wa kusoma likizo ya Juni wananizidi nguvu

Wakuu, habari za leo.

Niko Kihonda, Morogoro. Mwaka jana likizo ya Juni nilianza kukusanya watoto wa mtaani kwetu wa darasa la kwanza hadi la nne, tunasoma hadithi asubuhi saa 2 mpaka saa 4 kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Nilitegemea kumi. Walikuja 38, na vitabu ninavyo 52 tu, vingine kurasa zimenyofoka.

Shida kubwa ni viwango. Kuna mtoto wa darasa la pili anamaliza kitabu kabla sijakaa, halafu kuna wa darasa la nne bado anaunga silabi, ba-be-bi. Nikiwapanga kwa madarasa, huyu mkubwa anabaki kimya siku nzima. Nikiwapanga kwa uwezo, anakaa na wadogo wanamcheka, kesho haji. Nilijaribu kumpa kazi ya kuwasomea wadogo hadithi fupi aliyoifanyia mazoezi na mimi pembeni. Ilisaidia, lakini siwezi kufanya hivyo kwa watoto saba walio kama yeye peke yangu.

Walimu wa awali na KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) mliomo humu, mnawapangaje?

Pia, vitabu kwenda nyumbani: niruhusu? Tisa havikurudi, kimoja kilirudi bila jalada, bibi kawashia jiko. (Nilicheka tu, ningefanyaje.)

Wazazi wanataka niongeze hesabu iwe tuisheni ya bure. Hilo nimeshakataa.