Baba ana miaka 74, amekatwa mguu, yuko kijijini: kwa halmashauri naanzia mlango gani?

Binti wa Mlimani
Habari za jioni ndugu zangu. Wakubwa wangu shikamooni.

Baba yangu ana miaka 74. Anaishi kijijini kwetu, milimani Usambara. Nyumba yetu iko chini ya barabara, na kufika juu ni kupanda ngazi za udongo 41. Idadi naijua kwa sababu nilizihesabu siku tuliyomshusha kwa machela mwezi wa tatu, akitoka hospitali. Kisukari kimemwondolea mguu wa kulia, chini ya goti. Mama alitangulia mbele ya haki 2019. Sasa baba anakaa na mjukuu wake wa darasa la sita. Huyo mtoto ndiye anayechota maji, anawasha moto na kumpeleka babu yake chooni kabla hajaenda shule.

Mimi niko Mbagala, napika na kuuza chakula, nina watoto wawili. Namtumia baba 50,000 kwa mwezi, biashara ikiyumba 40,000. Mwezi uliopita walimbeba kwenye bodaboda, mtu mmoja mbele mwingine nyuma, wakampeleka kituo cha afya. Dirishani wakamwuliza kitambulisho cha wazee. Hana. Akalipa 18,000, ambayo ilikuwa hela ya chakula. Jioni akanipigia: "Mwanangu, nimeambiwa mimi sijawa mzee."

Maneno hayo sijayasahau mpaka leo.

Nasikia halmashauri ina fungu la wazee na watu wenye ulemavu. Ni kweli? Hicho kitambulisho kinatoka wapi? Na mguu bandia, mtu wa hali yetu anaweza kuupata? Nitafunga biashara siku 4 niende nyumbani, zaidi ya hapo siwezi. Nataka siku hizo 4 zisipotee.

Mtoto wa Tandale
Pole sana dada. Kuna ile asilimia 10 ya halmashauri. Nenda kaombe fungu la wazee, ni haki yake. Wakikuzungusha panda kwa mkuu wa wilaya.

Fundi Kiatu Moro
Binti, pole, na ukifika nyumbani mpe mzee shikamoo yangu. Mimi nina miaka 58. Polio ilinipata nikiwa na miaka 3, natembea kwa magongo mawili, nashona viatu Morogoro mjini. Nimo kwenye kamati ya watu wenye ulemavu ya kata yetu, kwa hiyo haya ninayokuandikia nimeyatembelea kwa magongo haya haya.

Kwanza nimrekebishe ndugu wa Tandale, kwa heshima, maana jambo hilo limewapotezea wazee wengi nauli. Ile asilimia 10 inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, na imegawanywa hivi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wazee hawamo. Wamelilia kuingizwa miaka mingi na mimi naungana nao, lakini ukienda leo kuomba "fungu la wazee" utarudi mikono mitupu. Halafu ile hela ni mkopo. Haina riba, ila inarudishwa. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Baba yako anaweza kuingia kwenye ile 2, na anaingia kwa sababu ya mguu, umri hauhesabiwi. Kanuni zilisharekebishwa, mwenye ulemavu anaweza kuomba hata akiwa peke yake bila kikundi.

Lakini nakusihi asiombe sasa. Mkopo ni wa biashara. Mtu ambaye hajaweza kufika barabarani atauza wapi? Kwenye kikundi chetu tulikuwa na mama aliyechukua wa kuku, hela ikaishia kwenye dawa, marejesho yakamkuta kitandani. Tulichangishana kumlipia miezi 5. Baba apone, apate mguu, ndipo mzungumze habari ya mkopo.

Sasa siku zako 4.

Usianzie wilayani. Anzia kwa mtendaji wa kijiji, na mpigie simu kabla hujapanda gari, kwa sababu watendaji huitwa vikao na utakuta ofisi ina kufuli. Jina la baba liandikwe kwenye orodha ya wazee NA kwenye orodha ya watu wenye ulemavu. Zote mbili. Hapa ndipo familia nyingi zinateleza. Mtu akipata ulemavu uzeeni, wanamhesabu mzee basi. Jirani yangu mmoja alipoteza macho kwa presha ya macho. Miaka 6 kila akiulizwa anajibu "mimi ni uzee tu." Zilipokuja fimbo nyeupe kwenye kata jina lake halikuwepo popote, na mgawaji hawezi kumpa mtu ambaye hayumo kwenye karatasi. Nilimshika mkono mimi mwenyewe kumpeleka kuandikishwa, siku ile ile, na fimbo zilikuwa zimeshakwisha.

Baba yako pia atakataa. Jiandae kwa hilo kuliko kitu kingine chochote. Mtu aliyetembea kwa miguu yake miaka 73 hapendi kuitwa mlemavu mbele ya vijana aliowaona wakizaliwa. Usimlazimishe mbele ya mtendaji. Kaeni usiku mmoja kwanza, mzungumze.

Kwa mtendaji chukua barua ya utambulisho, igongwe muhuri, ipite kata, ndipo uende kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Huyo ndiye mtu wako. Kitambulisho cha matibabu bila malipo kinatolewa na halmashauri kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza. Sera ya Taifa ya Wazee imesema hivyo tangu 2003. Tatizo ni kwamba yule wa dirishani hana njia ya kujua nani anajiweza na nani hajiwezi, ndiyo maana anadai kadi. Beba namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), picha za paspoti, kadi ya kliniki ya kisukari na ile karatasi ya kuruhusiwa hospitali inayosema mguu umekatwa. Piga nakala mbili mbili za kila kitu huko huko mjini kabla hujapanda mlima.

Kadi ikichelewa, na huwa inachelewa, mwombe Afisa Ustawi barua ya msamaha wa malipo ya matibabu, baba aitumie kwa sasa. Watu wengi huondoka ofisini na ahadi tu kwa sababu hawakuomba barua.

Na muulize mtendaji: kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji, mwenyekiti wake nani? Sheria Na. 9 ya 2010 inataka kamati hizo kuanzia kijijini mpaka halmashauri. Akikuambia haipo, tafuta mwenye ulemavu yeyote mzoefu pale kijijini, ukamsalimie. Atakuonyesha njia ambazo ofisi haikuambii, na wewe ukisharudi Mbagala yeye atabaki karibu na baba.

Kuhusu mguu, usisubiri halmashauri iulete. Kwa upande wenu karibu ni hospitali ya KCMC Moshi, wana karakana ya viungo bandia, na chuo cha mafundi wa fani hiyo, TATCOT, kiko hapo hapo tangu 1981. Dar kuna hospitali ya CCBRT, na taasisi ya mifupa MOI pale Muhimbili. Omba rufaa. Hospitali hizo nazo zina ofisi ya ustawi wa jamii. Ukifika na barua ya wilayani kwenu, mazungumzo ya gharama yanaanza mahali pazuri zaidi. Sikuahidi kwamba atapewa bure. Nakuahidi kwamba asiye na barua anaanza nyuma.

Nesi Halima
Mimi ni muuguzi wa zahanati, mkoa tofauti na wenu. Fundi amemaliza habari za ofisi, niongeze ya mwilini, kwa sababu mguu bandia haukai kwenye kigutu kilichoharibika.

Mwambie asiweke mto chini ya goti anapolala. Najua kunampa nafuu, lakini goti likizoea kukunja halitanyooka tena, na fundi wa mguu atashindwa kumpimia. Alale limenyooka. Bandeji ya kuvuta ifungwe kila siku, ikaze zaidi kwenye ncha na ilegee kuelekea juu, ili kigutu kipate umbo.

La pili ni mguu uliobaki. Usambara kuna baridi, na wazee huota moto. Mwenye kisukari cha muda mrefu mara nyingi ganzi imeshaingia, nyayo zinaungua asisikie kitu. Nimemfunga kidonda mzee wa namna hiyo, alijua ameungua alipoona soksi imeshikana na ngozi. Akae mbali na figa, avae soksi, na kila jioni huyo mjukuu amwangalie unyayo na katikati ya vidole. Kukiwa na wekundu, lengelenge au mpasuko, aende zahanati kesho yake, asingoje.

Na kadi ikipatikana usidhani dawa nazo zimepatikana. Kadi inaondoa malipo. Stoo ikiwa haina dawa, bado mtaandikiwa mkanunue. Hiyo 50,000 endelea kuitenga kama unaweza, mdogo wangu.

Mtu wa Wete
Assalam alaykum. Huku Zanzibar serikali inalipa Pensheni Jamii tangu Aprili 2016, kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, awe alikuwa mwajiriwa au mkulima. Ilianza 20,000 kwa mwezi, sasa ni 50,000. Nyanya yangu maisha yake yote amelima muhogo na kuuza makumbi, hajawahi kuajiriwa, na anapokea. Anayemtambua ni sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo lake. Mzee wako yuko bara kwa hiyo haimhusu, nimeandika mjue kwamba jambo hili linawezekana ndani ya nchi moja. Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi.

Binti wa Mlimani
Nimerudi jana, nimeona niwape mrejesho. Zilikuwa siku 5, mvua ilikata barabara.

Fundi, ulisema atakataa, na alikataa. Usiku wa kwanza alinyamaza. Usiku wa pili nikamsomea habari ya yule jirani yako na fimbo nyeupe, neno kwa neno kutoka kwenye simu. Akakaa kimya muda mrefu akiangalia moto (Nesi, alikuwa mbali nao, mjukuu amepiga mstari wa mkaa sakafuni, babu asiuvuke). Kisha akasema: "Mtu huyo alikuwa na mtu wa kumshika mkono. Kesho twende." Asubuhi vijana wanne wakampandisha kwa kiti cha mbao. Nilitaka kumjibia kwa mtendaji akaninyooshea kidole ninyamaze. Alitaja jina lake, la baba yake, mwaka aliozaliwa, na akasema mwenyewe, "Niandike kote kuwili."

Mtendaji alikuwa kijana muungwana. Kamati ya watu wenye ulemavu kwetu ipo, mwenyekiti wake ni mama mwenye kibyongo anayeuza mboga gulioni. Nilimsalimia miaka yote sijui kama ana cheo hicho. Alikwenda nami wilayani kwa nauli yake, akakataa nimrudishie.

Wilayani siku ya kwanza tulikaa kuanzia saa 2 mpaka saa 9, tukaambiwa tuje kesho. Kesho yake tukaonana na Afisa Ustawi. Kadi bado, picha zimebaki pale. Barua ya msamaha nimepewa, ina muhuri, nimeitolea nakala 3. Moja iko kwa mwalimu wa mjukuu, maana nilimweleza mwalimu hali ya nyumbani, hakuwa anajua kwa nini mtoto anachelewa. Sasa jirani yetu mama mmoja atampeleka baba chooni asubuhi, namtumia 10,000 kwa mwezi, na mtoto anawahi namba.

Zile ngazi, vijana wa kitongoji wamefunga mti wa mkaratusi upande mmoja wa kushikilia. Bado hawezi kupanda. Lakini nimemwona anaushika anausukuma kuona kama umekaza.

Rufaa ya Moshi tumepata, ni mwezi ujao tarehe 12. Fundi, naomba uniambie: mtu anakaa siku ngapi kule akitengenezewa mguu? Nataka kujua nifunge biashara muda gani na tulale wapi.

Fundi Kiatu Moro
Alhamdulillah. Nimewasomea wenzangu kibandani hapa.

Mwenzetu wa kikundi alikaa siku 9, ila alirudi tena baada ya wiki kadhaa kurekebishiwa, kigutu kilipopungua. Kwa hiyo hesabu safari mbili kwenye nauli. Yeye alilala kwa ndugu yake Majengo akawa anakwenda asubuhi na kurudi. Kama huna mtu Moshi, siku ya kwanza ulizia ofisi ya ustawi ya hospitali kabla hujatafuta gesti. Mkianza safari, mzee akae kiti ambacho anaweza kunyoosha goti lake, na umchukulie kiatu cha mguu wa kushoto na wa kulia. Fundi atapima mguu bandia kwa kimo cha kisigino cha kiatu atakachovaa siku zote. Wengi huacha kile cha pili nyumbani.