Kupima ufuko unaoliwa Kunduchi: tuanzie wapi bila vifaa vya wapimaji ardhi?

Mvinje aliuliza:

Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha kujitolea kina watu 8 na tunataka kufuatilia kipande cha ufuko wa Kunduchi, Dar es Salaam, kama kilomita moja hivi. Humo kuna sehemu ya gema (ukingo uliosimama wima juu ya ufuko) lenye mivinje, sehemu yenye ukuta, na tuta moja la mawe lililoingia baharini. Tuna tepu ya mita 30, simu za kawaida na daftari. Lavo, kile kifaa cha wapimaji cha kupimia usawa, hatuna.

Jaribio la kwanza lilikuwa kutembea ukingoni mwa maji huku simu ikirekodi njia. Wiki ya pili mstari ukaja mita 18 ndani, wiki ya tatu ukarudi baharini. Bahari haiwezi kula mita 18 kwa wiki halafu ikazirudisha. Sasa: tupime nini hasa? Alama ya kudumu tuiweke vipi isiibwe? Na tupime mara ngapi?

Bamvua alijibu:

Mkuu, ulichopima ni maji kujaa na kupwa, si ufuko. Dar es Salaam wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inazidi mita 3. Mteremko wa ufuko ukiwa 1 kwa 10, mstari wa maji unatembea mita 30 na zaidi ndani ya saa sita. Ongeza kwamba simu ya kawaida, hata mahali peupe, hukosea mita 3 hadi 5. Chini ya mivinje ni mbaya zaidi. Namba zenu hazina kosa la mtu, ni kitu kisichopimika kwa njia hiyo.

Mnahitaji vitu viwili tofauti, msivichanganye:

Cha kwanza ni umbali wa ukingo. Chukueni ukingo wa juu wa gema, pale nyasi zinapokatika. Kutoka alama ya kudumu iliyo nyuma, vuta tepu mlalo mpaka ukingoni, andika hadi sentimita. Hiki ndicho kinachoonyesha ardhi iliyokwenda moja kwa moja, maana gema likishaanguka halirudi.

Cha pili ni umbo la ufuko kutoka alama hadi majini. Mchanga wa ufuko huenda na kurudi kwa msimu, kwa hiyo hapa mnatafuta ni kiasi gani kimeondoka na kama kimerudi.

Palipo na ukuta, ukingo hausogei mpaka siku ukuta unapolala. Hapo pimeni kina: kutoka juu ya ukuta kushuka hadi kwenye mchanga, sehemu ileile iliyopigwa rangi. Mchanga ukishuka mbele ya ukuta wakati ukuta umesimama wima, msiandike "hakuna mabadiliko". Hiyo ndiyo dalili yenyewe, wimbi linachimba mguu wake.

Kuhusu mistari ya kupimia, kila mmoja kutoka alama yake hadi majini: kilomita moja mistari 6 hadi 8 inatosha, ila msiigawe sawasawa. Wekeni mmoja mita 20 kusini ya tuta la mawe, mwingine mita 20 kaskazini, na wa tatu kama mita 60 kaskazini. Kusi, upepo wa kutoka kusini, husukuma mchanga kuelekea kaskazini, tuta linaushika upande wa kusini, na upande wa kaskazini unabaki na njaa. Mkipima kusini peke yake mtasema ufuko unanenepa.

Fundi Pimamaji alijibu:

Umbo la ufuko linapimwa kwa fimbo mbili, njia aliyoieleza mwanajiolojia K. O. Emery mwaka 1961. Gharama yake haifiki bei ya mfuko wa saruji mkiwa na mbao.

Chukua mbao mbili zilizonyooka, kila moja mita 1.5. Piga alama kila sentimita, rangi tofauti kila sentimita 10. Sifuri iwe juu, namba ziongezeke kushuka. Wengi huanza sifuri chini kama rula ya seremala, matokeo yake kila hesabu inabidi ipinduliwe na nusu inapinduliwa vibaya. Chini ya kila fimbo pigilia kipande cha plaiwudi cha sentimita 10 kwa 10, la sivyo kwenye mchanga mbichi fimbo moja inazama sentimita 3 na nyenzake haizami.

Umbali kati ya fimbo uwe mita 2. Kamba ya nailoni inanyumbuka na ya katani inabadilika ikilowa, tumia bomba la plastiki la nusu inchi lililokatwa mita 2 kamili. Bomba lishikwe mlalo, si kufuata mteremko. Likifuata mteremko wa 1 kwa 10 kosa ni kama sentimita moja kwa kila hatua, lakini kwenye gema ni balaa.

Kusoma: mshika fimbo ya nyuma, yaani ya upande wa nchi kavu, ndiye msomaji. Ufuko ukishuka, anainamisha jicho mpaka kichwa cha fimbo ya mbele kikae sawa na upeo wa macho, pale bahari inapokutana na mbingu. Mstari huo unapokata fimbo yake ndiyo namba, inaandikwa na alama ya kutoa. Ufuko ukipanda, anaweka jicho juu ya fimbo yake, anatazama upeo, na kusoma unapokata fimbo ya mbele. Hiyo ni ya kujumlisha. Kisha fimbo ya nyuma inahamia mahali pa fimbo ya mbele *hasa*, kwenye alama ya plaiwudi mchangani, si jirani yake.

Mfano wa hatua nne: −4, −9, +2, −31. Jumla inayoendelea: −4, −13, −11, −42. Yaani mita 8 kutoka alama, mchanga uko sentimita 42 chini ya mahali mlipoanzia. Chora kwenye karatasi ya miraba na utaona kituta kidogo kwenye hatua ya tatu halafu mwanguko.

Mkifika majini, rudini mkipima tena kwenda juu. Kwa hatua 20, tofauti ya jumla ya kwenda na kurudi ikizidi sentimita 5, rudieni papo hapo. Nyumbani huwezi kurekebisha.

Angalizo la Kunduchi: mbele yenu kuna kisiwa cha Mbudya. Mstari wa maji chini ya kisiwa uko karibu kuliko upeo, kwa hiyo unaonekana chini kidogo yake. Kwa hatua moja ni milimita tu, kwa hatua 20 ni sentimita. Tazameni pembeni ya kisiwa penye bahari wazi. Mistari ambayo kisiwa kinaziba kabisa, na siku za ukungu, tumieni mpira mwembamba wa maji kama wa kujengea: funga ncha moja kila fimbo, soma usawa wa maji pande zote mbili, toa moja kwa nyingine. Ni polepole, lakini hautegemei upeo. Hakikisheni maji hayana mapovu. Povu moja kwenye mpira linakupa namba ya uongo na huwezi kulitambua kwenye daftari.

Mvinje aliuliza tena:

Shukrani sana. Na alama zenyewe? Nondo ikionekana tu, wa vyuma chakavu wameshaibeba. Nani ashike nini, tukiwa 8?

Bamvua alijibu:

Usionyeshe chuma. Chukua bomba la plastiki la inchi 4, urefu mita 1, lizike sentimita 90, weka ndani nondo ya milimita 12 iishie sentimita 5 chini ya mdomo, jaza zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Juu kinaonekana kiduara cha zege kisicho na thamani sokoni. Kikae angalau mita 15 nyuma ya ukingo. Ukikiweka mita 3 kutoka ukingoni, msimu mmoja mbaya kinaondoka, na historia ya mstari wote inaondoka nacho.

Kila mstari uwe na alama mbili, ya pili nyuma zaidi: kona ya msingi wa nyumba, nguzo ya geti, chochote cha zege. Zinafanya kazi mbili. Ukisimama nyuma ukaziona zinapishana, umepata mwelekeo wa mstari, maana dira ya simu karibu na nondo au gari inakupeleka pembeni digrii 10 bila kuomba radhi. Na ya mbele ikipotea, umbali kati yake na ya nyuma unakuwezesha kuirudisha. Pimeni umbali huo siku ya kwanza, uandikwe kwenye daftari tatu tofauti. Kabla ya kuchimba, ongeeni na serikali ya mtaa na mwenye eneo.

Watu 8: timu mbili za watu watatu (fimbo ya nyuma, fimbo ya mbele, mwandishi), wawili wa tepu na picha. Mwandishi arudie kwa sauti kila namba aliyosikia. "Sitini" na "tisini" kwenye upepo wa kusi zinafanana kuliko unavyodhani. Penseli, si kalamu.

Kaskazi_Tupu alijibu:

Naongeza picha, ambazo wakuu hapo juu wamezipita kama kitu cha pembeni. Mpango wa CoastSnap ulioanzia Sydney, Australia, mwaka 2017 unategemea kishikio kimoja kilichofungwa ili kila anayepita aweke simu palepale. Nyie hamhitaji chuma, kitashikwa na kutu haraka. Chongeni mfereji juu ya nguzo ya zege upana wa simu, simu ilazwe mlalo, bila kuvuta lenzi. Kwenye picha pawe na kitu kisichohama: kona ya ukuta, ncha ya tuta. Pigeni picha maji yakiwa kiwango kilekile, si saa ileile.

Fundi Pimamaji alijibu:

Picha ni nzuri kwa kuonyesha watu, mkuu, lakini haikupi kina cha mchanga. Ufuko unaweza kushuka sentimita 30 kwenye mita 40 na picha ikaonekana ileile. Hizo ni mita za ujazo 12 kwa kila mita moja ya upana wa ufuko, karibu tani 19. Wapige zote, ila siku muda ukiwa mfupi, iachwe picha, si fimbo.

Bamvua alijibu:

Lililobaki ni mara ngapi. Pimeni kila mwezi kwenye bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mpya. Kwenu kupwa kwa chini hapo huangukia kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Angalieni jedwali la maji, anzeni saa moja kabla ili mfuate maji yakishuka. Kwenye maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tofauti ni kama mita moja tu, hamtafika sehemu ya chini ya ufuko.

Pamoja na hiyo, kipimo cha ziada ndani ya siku mbili baada ya mawimbi makubwa, hasa yakigongana na bamvua la Machi na Aprili.

Kulinganisha: Julai na Julai, Januari na Januari. Mkilinganisha Januari na Julai mnapima mwelekeo wa upepo. Kabla ya mwaka kuisha msimtangazie mtu kiwango cha mmomonyoko, na hata baada ya mwaka semeni "mita kadhaa kati ya tarehe hii na hii", si "kwa mwaka". Andikeni pia mnachokiona: malori ya mchanga, mivinje iliyokatwa, mawe mapya yaliyomwagwa. Mchanga unaochimbwa kwenye mito kama Tegeta ni mchanga ambao haufiki ufukoni kwenu, na hakuna fimbo inayouona.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Ufuko ukirudi nyuma, jengo lililokuwa nje linajikuta ndani. Hapo ndipo watu wataanza kuuliza daftari lenu, na watatafuta kosa. Kwa hiyo karatasi za awali zenye penseli msizitupe hata mkishaziingiza kwenye kompyuta.

Mvinje aliuliza tena:

La mwisho: kwenye gema, tepu ifike ukingoni kabisa?

Fundi Pimamaji alijibu:

Tepu ifike, mtu asifike. Gema la mchanga lenye mizizi ya mvinje mara nyingi limeliwa chini na juu limebaki kama paa. Fungeni ncha ya tepu kwenye fimbo, mshikaji alale kifudifudi mita moja na nusu nyuma na kuisukuma mpaka ukingoni. Kwanza mmoja ashuke kwa mbali, atazame kutoka ufukoni kama kuna pango. Likiwepo, andikeni umbali wa juu na pia pango limeingia kiasi gani, kwa kukadiria kutoka mbali. Chini yake asisimame mtu, hata kwa picha.