Naomba ushauri: mafuta ya mwarobaini na vidukari kwenye sukuma wiki

Ndugu wakulima, ninalima robo eka ya sukuma wiki hapa Masindi, na kwa wiki tatu sasa vidukari wamejazana chini ya majani hadi yamejikunja. Sitaki kutumia sumu kali, kwa sababu watoto wangu huchuma mboga hizo karibu kila jioni. Nilichanganya mililita 5 za mafuta ya mwarobaini katika lita moja ya maji pamoja na sabuni kidogo, maana bila sabuni mafuta huelea tu, nikanyunyizia saa nne asubuhi. Kesho yake kingo za majani zilikuwa zimeungua. Je, nipunguze kipimo, au kosa lilikuwa jua kali, ambalo pia huharibu nguvu ya mwarobaini? Na nirudie baada ya siku ngapi bila kuwadhuru nyuki wanaotembelea maboga ya jirani?